Boila ya mama: ni lini uachane na mtambo wa zamani?

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa, na kuna wanaongoja sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja, msijali. Leo naomba mniruhusu nitoke nje ya njia kidogo, kwa sababu mwezi uliopita sikuandika hata mstari mmoja wa programu wikendi. Nilikuwa Nakuru kwa mama, nimechuchumaa nyuma ya bafu, natazama maji yakidondoka kutoka kwenye tangi la kuni. Tone moja, kimya, tone lingine. Likifika kwenye makaa linafanya "tsss".

Swali alilonipa mama lilikuwa rahisi: "Tuchomelee tena ama tununue ingine?" Nilidhani ningelijibu kwa dakika tano. Limenichukua mwezi mzima na limenifikisha kwenye historia ya reli, misitu ya Mau na mvuke wa Olkaria. Ndiyo tabia yangu, mnanijua.

Kwanza niwaeleze wale wa Mombasa na Dar es Salaam ambao mnaoga maji ya bomba mkishukuru Mungu. Mji wa Nakuru uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Julai saa kumi na mbili asubuhi, maji ya bomba yanakukata vidole. Ukipanda kwenda Molo au Nyahururu, huko kuna asubuhi utakuta barafu nyembamba juu ya majani. Kwa hiyo maji moto huku si anasa, na kila nyumba ya zamani ina hadithi ya jinsi inavyoyapata.

Nyumba yetu ilijengwa enzi za masetla. Marehemu baba aliinunua mwaka 1984, na nyuma ya bafu, nje, kulikuwa na kitu ambacho wazee wote wa Nakuru wanakijua: boila ya Tanganyika. Jina hilo lilienea Kenya nzima wakati wa ukoloni. Ni pipa la mafuta la lita 200, lile lile la galoni 44, limelazwa juu ya kuta mbili fupi za matofali. Chini yake ni moto, nyuma yake dohani. Bomba moja linaleta maji baridi kutoka tangi lililo juu zaidi na kuyaingiza upande wa chini wa pipa. Bomba la pili linatoka juu ya pipa kwenda bafuni. Ukifungua mfereji, maji baridi yanaingia chini na kuyasukuma ya moto yatoke juu. Hakuna pampu, hakuna umeme, hakuna kitu kinachozunguka. Kuna bomba la tatu pia, na hilo nitalirudia, kwa sababu nusura lituue.

Mimi kama mwandishi wa programu naupenda sana mtambo huo. Hauna sehemu inayoweza kuharibika isipokuwa bati lenyewe. Lakini una kasoro moja ambayo haionekani kwenye mchoro wowote: lazima mtu auwashe. Kwenye nyumba za masetla mtu huyo alikuwa mfanyakazi, mara nyingi kijana mdogo, ambaye kazi yake ya jioni ilikuwa kupasua kuni na kuhakikisha maji yamechemka kabla mzungu hajarudi kutoka shambani. Mtambo ulionekana rahisi na wa bei nafuu kwa sababu kazi ya kijana huyo haikuhesabiwa kwenye bei. (Programu nyingi za ofisini ziko hivyo hivyo. Kuna mtu mmoja anayeamka saa kumi usiku kuziwasha upya, na bosi anasema mfumo hauna shida.)

Kuni zenyewe zilitoka wapi? Hapa ndipo reli inapoingia. Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwisho wa 1901 ikagusa ziwa Victoria, mahali panapoitwa Kisumu leo. Injini za mvuke za siku zile zilichoma kuni. Serikali ya kikoloni ikaona misitu ya kando ya reli inaisha, ikaanza kupanda mikaratusi, ambayo inakua haraka na kuchipua tena ikikatwa. Yale mashamba ya mikaratusi unayoyaona ukipita kando ya reli nyanda za juu, mengi yana asili hiyo. Yalipandwa yalishe boila za garimoshi. Masalio yakawa yanalisha boila za nyumbani.

Nakuru ulikuwa mji wa garimoshi hasa. Tangu reli ya Eldoret ilipofunguliwa katika miaka ya 1920, hapa ndipo njia zinapogawanyika: moja kwenda Kisumu, nyingine inapanda kuelekea Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu, kisha Eldoret na Uganda. Ukikulia mji kama huo unakuta maneno ya boila yamejaa mitaani. Neno lenyewe la umeme, sisi Wakenya tunasema "stima". Watanzania wanatucheka. Lakini stima ni meli ya mvuke, na kabla ya hapo ni mvuke wenyewe kwa Kiingereza. Nguvu ilikuwa mvuke, kwa hiyo nguvu mpya ikarithi jina la ile ya zamani. Na cha kuchekesha, historia imetupa haki: sehemu kubwa ya stima ya Kenya leo inatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, karibu na Naivasha, saa moja na nusu hivi kutoka kwa mama. Walianza kuchimba huko mwaka 1956, visima viwili vya kwanza havikuzaa matunda, na mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kazi mwaka 1981. Kwa hiyo tukisema stima tunasema kweli kabisa.

Turudi kwa garimoshi, kwa sababu kuna fundisho la kiufundi pale. Injini ya mvuke haikufa kwa sababu ilichakaa. Boila ya garimoshi ilikuwa inafunguliwa, inaoshwa magadi, mabomba yake ya ndani yanabadilishwa, na inarudi kazini. Unaweza kufanya hivyo miaka 50. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilinunua injini 34 za Garratt za daraja la 59 kutoka Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, kubwa ajabu, zaidi ya tani 250 kila moja, na hizo hazikuchoma kuni tena bali mafuta mazito. Moja yake imewekwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi, nenda ukaione na watoto. Zilikuwa bado changa injini za dizeli zilipoanza kuingia njia kuu kuanzia 1960. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 mvuke ulikuwa umekwisha. Injini ya dizeli haingoji masaa boila ipate moto, haihitaji kusimama kila mara kunywa maji, na haihitaji kundi la watu wa kuiosha. Kilichoifukuza injini ya mvuke hakikuwa kutu. Ilikuwa ni gharama ya watu na muda ulioizunguka.

Nikiangalia nyumba za Nakuru naona jambo lile lile. Boila ya Tanganyika haikuondolewa kwa sababu pipa lilitoboka. Pipa likitoboka unatafuta pipa lingine, yamejaa kila mahali. Iliondoka pale aliyekuwa akiiwasha alipoondoka.

Kwetu aliyekuwa akiwasha alikuwa baba. Alipostaafu magoti yakaanza kumsumbua, na mwaka 1996 akaleta "kuni busta". Sijui kama jina hili linajulikana nje ya Kenya. Ni tangi la wima linalotengenezwa na mafundi wa jua kali, lina kuta mbili, maji yako katikati ya kuta, moto uko ndani chini, na dohani inapita katikati ya maji hadi juu. Kwa hiyo joto ambalo kwenye boila ya Tanganyika lilikuwa linapotea hewani, hapa linalazimika kupita ndani ya maji kabla ya kutoka. Hesabu yake ni rahisi na ninaipenda. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 18 hadi 60 kunahitaji kama megajuli 17.6. Kilo moja ya kuni kavu ina kama megajuli 15. Ungeweza basi kupasha maji hayo kwa kilo moja na kidogo tu, kama hakuna joto linalopotea. Lakini linapotea. Mtambo ukinasa robo ya joto unahitaji kama kilo 5. Ukinasa sehemu moja kati ya kumi, ni kama kilo 12. Tofauti ya kilo 7 kila siku ndiyo iliyomshawishi baba. Kilo hizo alikuwa akizipasua mwenyewe.

Kuni zetu miaka hiyo zilikuwa mabaki ya mbao kutoka Elburgon. Huo ni mji wa viwanda vya mbao, na lori la magome na mapande lilikuwa linaletwa hadi mlangoni kwa bei ya kutupa. Halafu ikaja Februari 2018. Serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma kwa siku 90, kwa sababu mito ilikuwa inakauka na Mau ilikuwa imeliwa vibaya. Siku 90 zikaongezwa, zikaongezwa tena, mpaka Rais Ruto alipotangaza akiwa Molo mnamo Julai 2023 kwamba marufuku imeondolewa, na hata hapo mambo yakaishia mahakamani. Mimi naiunga mkono ile marufuku, nilisema hivyo wakati ule na nasema sasa, ingawa Elburgon iliumia sana na watu ninaowajua walipoteza kazi. Lakini matokeo kwetu yalikuwa kwamba lori la mapande halikuja tena. Mama akaanza kununua kuni kwa mzigo, na mzigo ukawa unapungua ukubwa huku bei ikipanda.

Sasa ile hadithi ya bomba la tatu.

Mtambo wowote wa maji moto wa aina hii una bomba linalotoka juu ya tangi, linapanda wima, linapita juu ya kiwango cha tangi la maji baridi, na mdomo wake unabaki wazi hewani. Halipeleki maji popote. Mtu asiyejua atasema ni la bure. Kazi yake ni moja tu: maji yakichemka, mvuke upate njia. Hapa Nakuru maji yanachemka karibu nyuzi 94, si 100, kwa sababu ya mwinuko. Na maji yakigeuka mvuke katika hewa ya kawaida yanahitaji nafasi zaidi ya mara 1,600. Ukiyafungia, hayatakuuliza ruhusa.

Miaka michache iliyopita fundi mmoja aliitwa kurekebisha uvujaji. Alikuta bomba hilo linatema maji kidogo kila moto ukikolea, akaona ni hasara, akalifunga kwa kizibo. Nadhifu kabisa, na utepe mweupe juu. Pia aliweka vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma kwenye bomba la maji baridi. Kila kimoja peke yake kilikuwa na maelezo yake. Vikiwa pamoja, alikuwa ametengeneza bomu.

Mama aliwasha moto jioni kama kawaida. Akasikia tangi linagonga, kama mtu aliye ndani anataka kutoka. Mama si mhandisi, lakini amekaa na mtambo huo tangu siku ulipoletwa na anaijua sauti yake. Hakuenda kuangalia. Alimwita mjukuu wake ndani, akafungua mfereji wa maji moto wa bafuni hadi mwisho, akafunga mlango na kungoja. Ulitoka mvuke, kisha maji, kisha mvuke, kwa karibu nusu saa. Asubuhi tangi lilikuwa limevimba upande mmoja kama shavu la mwenye jino bovu. Ule uvimbe ndio unaovuja leo.

Nimeandika programu miaka 20 na sijawahi kuona mfano mzuri zaidi wa hatari ya kufuta mstari usiouelewa. Mnakumbuka mwaka 2000, Joel Spolsky alipoandika kwamba kosa baya zaidi ambalo kampuni ya programu inaweza kufanya ni kutupa msimbo wa zamani na kuanza upya? Alikuwa akiwasema Netscape. Hoja yake ilikuwa kwamba yale mabaka yenye sura mbaya kwenye msimbo wa zamani ni ujuzi: kila moja lilizibwa kwa sababu ya tatizo halisi lililompata mtu halisi. Bomba la tatu ni baka la aina hiyo. Lina sura mbaya, linadondosha maji, na linakuweka hai.

Kwa hiyo mimi kwa asili ni mtu wa kukarabati. Lakini nilipomwita fundi mwingine, mzee wa jua kali ambaye ametengeneza busta nyingi kuliko programu nilizoandika, alifanya jambo ambalo sikutegemea. Hakutoa mashine ya kuchomelea. Alitoa nyundo ndogo akaanza kugonga tangi kwa utaratibu, juu hadi chini, huku ameinamisha sikio.

"Mkubwa, sikia hapa," akaniambia. Likalia kama kengele. "Na hapa." Likalia kama kikopo cha maziwa.

"Inamaanisha nini, fundi?"

"Hapa bati limeisha kutoka ndani. Nikichomelea, nitatoboa tundu lingine kando yake. Nikichomelea hilo, lingine. Nitakula pesa ya mama bure."

Basi hicho ndicho kipimo cha kwanza, na ni cha kweli kwa tangi la aina yoyote, liwe la kuni au la umeme. Likivuja kwenye maungio, mahali bomba linapoingia, tengeneza. Likivuja kwenye mwili, limekwisha. Unachokiona nje ni tundu moja lakini ndani ni ramani nzima. Kutu haili kutoka nje, inakula kutoka kwenye maji. Matangi mazuri ya umeme na ya jua yana fimbo ya magnesi ndani inayoliwa badala ya chuma, na ukiibadilisha kabla haijaisha, tangi linaweza kudumu mara mbili. Sijawahi kukutana na mtu hapa Nakuru aliyewahi kuibadilisha. Uliza fundi wako, atakuangalia kama umemtukana.

Maji yetu nayo yana maneno. Sehemu kubwa ya maji ya Nakuru ni ya visima, na visima vya Bonde la Ufa vina floridi nyingi. Ndiyo maana wengi wetu tuliokulia huku tuna meno ya kahawia na mnatutambua tukicheka. (Kuchemsha hakuondoi floridi, jamani. Kunaizidisha, kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Jimbo Katoliki la Nakuru lilifanya kazi nzuri ya kutengeneza vichujio vya mifupa iliyochomwa, hivyo ndivyo vinavyosaidia.) Floridi haina shida na boila, lakini chumvi nyingine zilizomo humo zinaganda kwenye koili za umeme na kuzimaliza.

Haya. Tangi limekufa, tuweke nini?

Mimi nilikwenda nimeshaamua: jua. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 zilitaka kila jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lipate angalau asilimia 60 ya joto hilo kutoka kwa jua, na majengo ya zamani yakapewa miaka 5 kujirekebisha. Nilizishangilia sana zilipotoka. Jua la Nakuru lipo, paa lipo, na mtambo wa jua unafanya kazi kwa kanuni ile ile ya boila ya Tanganyika, maji moto yanapanda yenyewe. Nilitaka nimpigie mama simu nimwambie tumerudi mwanzo. Nikaombwa shilingi 140,000 kwa tangi la lita 200 pamoja na kazi.

Nikafanya hesabu nikiwa nimekaa kwenye kibaraza. Nyumba ile ilikuwa na watu 7 baba alipoleta busta. Leo ina mama na mjukuu mmoja anayesoma shule ya kutwa. Watu wawili. Shawa ya umeme, zile za kufunga juu ya kichwa ambazo Wabrazili wa Lorenzetti wametuzoesha, inakula kama kilowati 5. Dakika 8 kwa kila mtu, watu wawili, ni kama uniti 1.3 kwa siku. Ukichukulia uniti moja ni shilingi 30, hiyo ni kama shilingi 40. Kwa mwezi, 1,200. Mtambo wa jua wa 140,000 ungehitaji karibu miaka 10 kurudisha pesa yake, hata kama tungesema jua halikosi siku hata moja, na Julai ya Nakuru jua linakosa. Mama ana miaka 74. Sikumsomea hesabu hiyo kwa sauti.

Lakini tangi la umeme la lita 100 lingekuwa ujinga pia. Zile megajuli 17.6 ni karibu uniti 5, na sehemu yake unailipa kila siku uoge au usioge, maana tangi linapoa usiku kucha. Zamani kampuni ya umeme ilikuwa na jibu zuri kwa hili. Kulikuwa na bei maalum ya kupasha maji, na mita yake ya pili, na kampuni ilikuwa inazima matangi ya watu kutoka mbali wakati wa jioni ambapo matumizi ni makubwa. Walifanya hivyo kwa kutuma ishara ya masafa ya juu kupitia nyaya zile zile za umeme, na kisanduku kidogo ukutani kikaisikia na kukata. Fikiria, kutuma data kupitia nyaya za stima, miongo mingi kabla wengi wetu hatujaona modemu! Katika nyumba niliyowahi kupanga Nairobi kisanduku hicho bado kilikuwa ukutani, kimekufa, na mwenye nyumba alidhani ni kengele.

Kwa hiyo shawa ya umeme ikashinda kwa hesabu, ile aina ya maji ya chumvi ambayo koili yake imefunikwa. Kilowati 5 ni zaidi ya ampea 20, kwa hivyo tulivuta waya mpya mnene kutoka kwenye boksi la fyuzi, na waya wa ardhi ambao nyumba ile haikuwahi kuwa nao bafuni. Fundi wa stima alitaka kuuruka. Nilikataa. Ukiokoa pesa mahali pengine, usiokoe hapo.

Nilimweleza mama yote. Akasikiliza, akauliza swali moja.

"Na stima ikipotea?"

Nilianza kusema haipotei sana siku hizi. Akaniangalia tu. Agosti 25, 2023, nchi nzima ilikuwa gizani usiku kucha, kisha tena Novemba, kisha tena Desemba mwaka huo huo. Nikanyamaza.

"Na Krismasi mkija wote?" akaendelea. "Watu 19. Mtapanga foleni kwa hiyo shawa moja?"

Hapo nikakumbuka kwamba sijawahi kuona shirika lolote likizima mfumo wa zamani siku ile ile mpya unapowashwa, isipokuwa yale yaliyojuta. Fundi mzee tulimwita tena. Akatengeneza busta mpya, ndogo zaidi, kwa bati nene zaidi, na yule mjukuu akakaa kando akimshikia vifaa. Bei yake haikufika robo ya ile ya mtambo wa jua. Bomba la tatu limepanda wima nusu mita juu ya tangi la maji baridi. Nimeandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta kando yake: USIZIBE. Mama amesema maandishi ni mabaya na yanaharibu ukuta. Yatabaki.

Kuna jambo moja linaloniuma bado, na sina la kulifanya. Ukisimama nyuma ya bafu la mama, kaskazini unaona ukingo wa kreta ya Menengai. Chini ya mlima ule kuna maji moto kuliko tunayoweza kutumia. Kampuni ya serikali ya mvuke imekuwa ikichimba huko tangu 2011, na mwaka 2015 walijenga vielelezo vidogo pale: kibanda cha mimea kinachopashwa kwa maji ya kisima, mabwawa ya samaki, mtambo wa kuchemsha maziwa, hata mahali pa kufulia nguo. Kule Eburru wakulima walikausha pareto kwa mvuke wa ardhini tangu 1939. Wenye maua wa Oserian, Naivasha, walianza kupasha vibanda vyao kwa kisima cha mvuke mwaka 2003. Maua yakawa yanaoga maji moto. Reykjavik, mji ambao si mkubwa kuliko Nakuru, nyumba karibu zote zinapashwa hivyo. Sisi baridi yetu si ya kutosha kulipia mabomba ya kilomita nyingi, najua, hesabu hiyo pia niliifanya. Lakini niliifanya nikiwa nimeshika mzigo wa kuni.

Lile tangi lililovimba hatukulitupa. Fundi alilikata katikati, na sasa nusu moja ni ya kunyweshea kuku. Nusu nyingine mjukuu ameitaka, hajasema ya nini. Wiki iliyopita mama alinipigia saa moja usiku, stima ilikuwa imepotea mtaa mzima, akataka nisikie kitu. Akashikilia simu nje ya dirisha la bafu. Nilisikia kuni zinapasuka, na bomba la tatu linadondosha maji yake kidogo kidogo.